Kemu Ikibadilika, Pushrodi Ipimwe Upya

Tarime mjini iko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 14 kuliko ya pwani. Injini ileile inayovuta vizuri Dar es Salaam ikifika huku imeshapungukiwa nguvu, hata kabla haijapakiwa abiria na gunia la mahindi. Si ajabu basi dereva wa bodaboda anayepanda milima ya Tarime, au anayepeleka mzigo Mugumu kupitia Nyamongo, akamuuliza fundi kama kemu kali itamsaidia.

Kwanza ijulikane ni injini gani. Boxer na TVS HLX zina kemu juu kwenye hedi, inazungushwa na cheni, hivyo hazina pushrodi. Pushrodi tunazikuta kwenye SanLG, Fekon, Kinglion na pikipiki nyingine za Kichina ambazo nyingi zinatumia injini ya ukoo wa Honda CG125. Honda waliitoa CG mwaka 1976 baada ya kuona kwamba kwenye nchi ambako oili haibadilishwi kwa wakati na cheni ya taimingi haikazwi, injini zenye kemu juu zinakufa mapema. Wakarudi kwenye pushrodi kwa makusudi. Kemu ikashushwa karibu na krenki, ikazungushwa kwa gia, na ikapewa nundu moja tu. Nundu hiyo inasukuma roka mbili ndogo za chini, kila moja na pushrodi yake: moja ya valvu ya kuingizia, nyingine ya kutolea. Huo ni uhandisi wa watu waliomfikiria mtumiaji, na ndio uliofanya injini hii ivumilie vumbi letu.

Nundu kuwa moja kuna gharama yake. Ukiipanua, umezipanulia valvu zote mbili kwa pamoja, na muda ambao zote ziko wazi unaongezeka. Sailensa inalewalewa na nguvu inahamia kwenye mizunguko ya juu, ambako mtu aliyebeba mikungu ya ndizi kwenye kilima hafiki kabisa. Kwa kazi ya huku ningechagua kemu inayoinua valvu juu kidogo zaidi bila kuongeza sana muda wa kufunguka.

Kemu hiyo hupatikana kwa njia mbili: kununua iliyotengenezwa hivyo, au kusaga ya zamani. Njia ya pili ni rahisi mfukoni, na ndiyo inayoleta matatizo mengi ya pushrodi. Anayesaga haongezi chuma kwenye nundu. Anapunguza upande wa duara, ule ambao roka hulala juu yake valvu ikiwa imefungwa. Tofauti kati ya duara na kilele ikikua, valvu inainuka zaidi. Lakini roka ya chini sasa inalala chini zaidi, na pushrodi imeshuka nayo. Ukitoa nusu milimita kwenye duara, pushrodi ya zamani imekuwa fupi kwa karibu kiasi hicho, kutegemea uwiano wa mikono ya roka ya chini.

Hapa wengi hukimbilia skrubu ya tapeti. Wanaizungusha hadi nafasi inarudi 0.08 ya milimita, nati inakazwa, pikipiki inawaka, kazi imekwisha. Nafasi ni sahihi kweli, ila roka ya juu imebadilisha mkao. Inaanza safari yake ikiwa imeinama vibaya, na ncha ya skrubu inaburuzika juu ya kichwa cha valvu badala ya kukibonyeza. Valvu inasukumwa ubavu, gaidi yake inalika, oili inapenya na moshi wa bluu unaanza. Dalili iko wazi ukifungua kifuniko: angalia nyuzi za skrubu juu ya nati. Zikibaki chache sana, ujue skrubu imeteremshwa ili kuziba upungufu wa pushrodi.

Urefu unaofaa hupatikana kwa kupima, na hupimwa baada ya mengine yote kukamilika. Gasketi nene chini ya silinda inainua hedi na kudai pushrodi ndefu zaidi. Hedi iliyochongwa ili kuongeza kompresheni inadai fupi zaidi. Kwa hiyo aliyenunua pushrodi kwanza, pamoja na kemu, amenunua kwa kubahatisha. Afadhali achukue pushrodi mbovu, aikate katikati, aweke kipande cha boliti yenye nyuzi na nati mbili, apate ya kupimia inayorefuka na kufupika. Apake wino wa maka kwenye kichwa cha valvu, aweke nafasi sawa, azungushe krenki kwa mkono mara kadhaa, kisha atazame mkwaruzo. Ukiwa mpana, roka inaburuzika mno. Abadilishe urefu, arekebishe skrubu, apake tena, hadi apate mstari mwembamba kuliko yote. Maana yake ni kwamba valvu ikiwa imefunguka nusu, mkono wa roka umekaa mraba na valvu. Urefu huo ndio wa kununua au kuchongesha.

Dukani utaambiwa CG ni CG. Soma namba iliyogongwa kwenye krenkesi: 156FMI, 162FMJ, 163FML. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, mbili zinazofuata ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, na herufi ya mwisho ni ukubwa: I ni 125, J ni 150, L ni 200. Kwenye ukoo wa CG, 125 na 150 zina mwendo wa pistoni uleule, milimita 49.5. Ya 200, inayofungwa kwenye guta nyingi, ina 62.2. Silinda yake ni ndefu na pushrodi zake pia ni ndefu.

Linalofuata ni madini, na hapa sumaku ndogo inatosha. Iweke kwenye silinda, kisha katikati ya pushrodi, kwa sababu ncha huwa za chuma hata kama mwili ni alumini. Fimbo ya milimita 140 ikipata joto la nyuzi 80 zaidi, ya alumini inarefuka kama 0.26 ya milimita na ya chuma kama 0.13. Tofauti hiyo inaizidi nafasi nzima ya tapeti. Pushrodi ya chuma kwenye silinda ya alumini itaacha nafasi ikipanuka injini ikichemka: kelele, na sehemu ya mwinuko uliougharamia inapotea. Kinyume chake ni hatari zaidi. Alumini ndani ya silinda ya chuma inaimaliza nafasi, valvu haikai kwenye kiti chake, na ya kutolea inaungua. Madini yafanane na silinda.

Kuhusu wepesi, sioni sababu ya kuuhangaikia. Uzito unaoisumbua springi zaidi ni ule wa upande wa valvu. Upande wa pushrodi kinachotakiwa ni ugumu, hasa kama kemu mpya imekuja na springi kali. Fimbo nyembamba inajipinda nundu inapopanda, kisha inajinyoosha kwa kurusha valvu. Alumini inajipinda karibu mara 3 kuliko chuma kwa unene uleule, hivyo pushrodi ya alumini iwe nene, mradi isiguse tundu inamopita. Pushrodi zote mbili zibingirishwe juu ya kioo kabla ya kufungwa; inayorukaruka irudi dukani.

Baada ya kilomita 500 fungua kifuniko injini ikiwa baridi, upime kwa fila geji. Nafasi ikiwa imeongezeka, kagua ncha za pushrodi na nundu iliyosagwa, maana huenda ngozi yake ngumu imeondoka na inalika. Ikiwa imepungua, valvu inazama kwenye kiti, na hedi ishushwe kabla kompresheni haijaanza kuvuja.