Tadbiri ya Ella Grasso Katika Tufani ya Theluji

Wengi wamtajapo Ella Grasso, aliyekuwa gavana wa jimbo la Connecticut huko Marekani, hutanguliza habari kwamba ndiye mwanamke wa kwanza nchini humo kuchaguliwa ugavana bila ya kutanguliwa na mume katika cheo hicho. Na habari hiyo, ya uchaguzi wa mwaka 1974, ni sahihi na yastahiki kutajwa, lakini haituonyeshi namna alivyofanya kazi. Kwa rai yangu, ufundi wake wadhihirika zaidi katika siku chache za Februari 1978, tufani ya theluji ilipolikumba jimbo na kuwakwamisha wasafiri barabarani.

Gavana alishika njia kwenda jengo la jeshi la akiba mjini Hartford, palipokuwa makao ya shughuli za dharura. Gari likakwama, naye akaumaliza mwendo kwa miguu. Watu waliupenda sana mwendo ule, nami siwalaumu, ila miguu ya gavana haikuondoa theluji yoyote. Iliyofanya kazi ni amri yake ya kufunga barabara zote za jimbo kwa siku tatu, isipokuwa kwa vyombo vya dharura.

Na tuitaamuli amri hiyo. Mtambo wa kusukuma theluji huweza kuishinda theluji yenyewe. Kinachoushinda ni gari lililotelekezwa katikati ya njia, na kila mwenye haraka atokaye nyumbani huhatarisha kuongeza gari jingine la namna hiyo. Kwa hiyo ilikuwa lazima kuwazuia watu kwanza, ndipo theluji iondolewe. Gharama yake haikuwa ndogo, maana biashara zilisimama, na gavana mwenye uchaguzi miezi tisa mbele angaliweza kutoa nasaha badala ya amri, ili lawama ziwaangukie wakaidi. Yeye alichagua amri, akaomba na msaada wa serikali kuu, ambao Rais Carter aliuidhinisha.

Maarifa hayo hakuyaokota siku ile. Binti huyu wa wahamiaji wa Kiitalia, aliyezaliwa Windsor Locks mwaka 1919 na kusomea uchumi katika chuo cha Mount Holyoke, aliingia baraza la kutunga sheria la jimbo mwaka 1953, kisha akawa katibu wa jimbo tangu 1959 hata 1971. Na ofisi hiyo, ambayo aghalabu ni ya kutunza nyaraka na kusimamia uchaguzi, aliifanya mahali pa raia kuleta mashaka yao. Aliyesikiliza malalamiko miaka 12 huijua serikali kwa pale inapokwama.

Wala si kwamba alipendwa daima. Desemba 1975, akikabiliwa na nakisi ya fedha na huku akiikataa katakata kodi ya mapato, aliwaachisha kazi watumishi wapatao 500, Krismasi ikiwa mlangoni; jambo ambalo, hata kwa hesabu za hazina, naliona lilikosa busara ya wakati. Mwaka 1978 naibu wake mwenyewe, Robert Killian, alijitokeza kumpinga ndani ya chama. Grasso akamshinda, na Novemba akamshinda Ronald Sarasin wa chama cha Republican. Wapo wasemao ni theluji iliyompa ushindi. Mimi nasema theluji iliwapa wapiga kura fursa ya kuuona ukali uleule wa mwaka 1975, safari hii ukiwafaa wao.