Hongera, Wauza Vitabu

Duka la vitabu la TPH, Barabara ya Samora jijini Dar es Salaam, limebeba jina la Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji lililoanzishwa mwaka 1966. Pongezi zangu ni kwa wauzaji wa maduka ya aina hii, watu wanaosoma bidhaa yao kabla ya kuiuza.

Mzazi akiuliza kitabu cha mtoto wa miaka saba, muuzaji hodari hakimbilii chenye jalada linalong'aa. Humwuliza mtoto mwenyewe anapenda nini, kisha humfungulia ukurasa wa katikati asome kwa sauti. Akikwama kila mstari, kitabu kinarudi rafuni, kinaletwa chenye herufi kubwa na sentensi fupi. Akicheka kabla ya kufika chini ya ukurasa, basi hicho ndicho. Nastahi sana subira hiyo, maana faida ya kitabu kimoja cha hadithi ni ndogo mno.

Kwa mtu mzima kazi ni nyingine. Aliyeipenda Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi huonyeshwa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022.

Wengi wetu huingia dukani Januari tu, na orodha ya shule mkononi. Ndugu msomaji, nenda hata mwezi Juni. Mchukue mtoto, mwache achague chake, nawe jinunulie chako.