Vinundu vya Toronto

Mwili wa mtu mzima hutengeneza seli nyekundu za damu zipatazo bilioni 200 kila siku. Seli hizo huishi siku kama 120 hivi, na chembe sahani hazifikishi hata wiki mbili, kwa hiyo kazi hailali. Hufanyika ndani ya uloto, na chimbuko lake ni seli shina chache mno. Uchache si shida kubwa kwa mtafiti. Shida ni kwamba seli hizi hazina sura. Chini ya hadubini, seli shina ya damu ni kiduara kidogo kinachofanana na seli nyeupe za kawaida, hakina lolote la kukufanya ukitazame mara ya pili. Anayetaka kuijua hawezi kuitambua kwa uso. Ataitambua kwa kazi. Ndiyo maana utafiti huu tangu mwanzo umekwenda kwa njia ya jeraha: haribu uloto, kisha angalia ni nani anayeujenga upya.

Njia hiyo ina asili ya kutisha. Hiroshima na Nagasaki, mwaka 1945, kuna watu walionusurika moto na kishindo cha mabomu ya atomiki, wakafa wiki chache baadaye kwa kuvuja damu na kwa maambukizi, maana uloto wao ulikuwa umeteketea kwa mionzi. Miaka michache baadaye Leon Jacobson, huko Chicago, alionyesha kwamba panya aliyepigwa mionzi ya kuua huweza kupona iwapo wengu wake umekingwa kwa madini ya risasi. Mwaka 1951 Egon Lorenz na wenzake waliwaponya panya kwa kuwadunga uloto wa panya wengine. Wengi walidhani kinachoponya ni dawa fulani iliyomo ndani ya uloto. Mwaka 1956 watafiti wa Harwell, Uingereza, walitumia kromosomu yenye alama ya pekee kuonyesha kwamba seli zilizokuwa zikigawanyika ndani ya panya waliopona zilitoka kwa mtoaji. Ni seli, basi. Lakini seli zipi, na ngapi?

Hapo ndipo wanapoingia watu wawili ambao sichoki kuisoma kazi yao: James Till, mwanafizikia aliyekulia kwenye nyika za magharibi mwa Kanada, na Ernest McCulloch, daktari wa Toronto. Walifanya kazi pamoja katika Taasisi ya Saratani ya Ontario. Hawakuwa wanatafuta seli shina. Walitaka kupima jambo kavu kabisa: mionzi kiasi gani huua seli za uloto.

Utaratibu wao unaonekana mwepesi ukiusoma, na ni mgumu ukiufanya. Uloto hutolewa kwenye mfupa wa paja wa panya kwa kusukumwa na maji ya sindano, kisha hupitishwa kwenye sindano nyembamba mpaka mabonge yaachane na kila seli ibaki peke yake. Seli huhesabiwa kwenye kioo chenye miraba, huzimuliwa, halafu hudungwa kwenye mshipa wa mkia. Mshipa huo ni mwembamba kama uzi; mwenye mkono mzuri huupasha mkia joto kwanza ili utanuke. Panya anayepokea huwa amekwisha kupigwa mionzi, na kipimo chake lazima kiwe sawasawa. Kikipungua, seli zake mwenyewe zilizosalia zitachipua na kuvuruga hesabu. Kikizidi, atakufa kabla hujaona kitu. Kwa hiyo kuna panya wengine wanaopigwa mionzi bila kupewa uloto wowote, ili ijulikane kwamba wengu wa panya asiyedungwa haujizalishii matokeo. Panya hao hufa. Anayeisifu kazi hii aseme na hilo pia.

Jumapili moja ya mwaka 1960, McCulloch alikwenda maabara kuwaangalia panya waliofikisha siku ya 10 tangu kudungwa. Alipoupasua wengu aliukuta una vinundu. Mwingine angeandika kwamba wengu umevimba, akafunga daftari. Yeye alivihesabu, akalinganisha na idadi ya seli zilizodungwa, na akaona kwamba palipoingia seli nyingi zaidi, vinundu navyo vilizidi kwa uwiano uleule. Kwa takriban kila seli 10,000 za uloto kilitokea kinundu kimoja.

Hesabu hizo zikichorwa hutoa mstari ulionyooka, nao unastahili kutazamwa kwa utulivu. Kama kinundu kingehitaji seli mbili zikutane, kuzidisha uloto mara mbili kungeleta vinundu mara nne, na mstari ungepinda. Haukupinda. Dalili ikawa kwamba kila kinundu kinaanzishwa na seli moja. Makala yao ilitoka mwaka 1961 katika jarida la utafiti wa mionzi, ikiwa na kichwa kinachozungumzia mionzi tu, na wanabaiolojia wengi waliipita.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wenyewe hawakuuamini mstari wao kupita kiasi. Mkulima akionyeshwa kichaka cha mpunga hawezi kuapa kwamba kimetoka punje moja. Punje moja hutoa machipukizi mengi, na punje tano zilizoangukia shimo moja hutoa kichaka kilekile. Andrew Becker, mwanafunzi wao, alipewa kazi ya kumaliza ubishi huo. Alizipiga seli mionzi kiasi cha kuzivunja kromosomu bila kuziua zote. Mara chache sana seli iliyopona hubaki na kovu ambalo hakuna nyingine inalo, na kizazi chake chote hulirithi. Alitafuta vinundu vyenye makovu hayo. Alivipata vichache, na ndani ya kila kimoja karibu seli zote zilizokuwa zikigawanyika zilibeba kovu lilelile. Ilikuwa 1963. Mwaka huohuo, wakiwa na Lou Siminovitch, walivichukua vinundu kimoja kimoja, wakavitenganisha seli, wakavidunga kwa panya wapya. Vingine vilizaa vinundu vingi, vingine havikuzaa hata kimoja. Wenye haraka wangeita tofauti hiyo uchafu wa jaribio. Wao waliichukua kuwa ndiyo habari yenyewe. Mwaka uliofuata walipendekeza kwamba seli moja moja huamua kwa bahati nasibu ama kujirudufu ama kukomaa, ingawa kundi zima huenda kwa kanuni.

Kazi nzuri hukosolewa, na hii ilikosolewa ipasavyo. Mwaka 1982 ilionyeshwa kwamba vinundu vya siku ya 8 hutoweka, na vile vya siku ya 12 ni vingine kabisa. Ikadhihirika kuwa vingi vilianzishwa na seli zilizokwisha kupiga hatua moja mbele ya seli shina yenyewe. Kipimo kikawa kikali zaidi: uloto uliopandikizwa utengeneze kila aina ya seli za damu kwa miezi minne au zaidi, kisha uhamishiwe panya wa pili na huko pia ufanye kazi. Mwaka 1996, huko Japani, kundi la Hiromitsu Nakauchi lilidunga seli moja tu kwa kila panya, na karibu mmoja kati ya watano akajengewa damu kwa muda mrefu na seli hiyo pekee. Kwa maoni yangu hilo halimwondolei McCulloch chochote. Waliomkosoa walimkosoa kwa kuhesabu, kama alivyowaonyesha.

Siku hizi macho yamehamia kwenye jirani za seli shina. Mionzi hubomoa mishipa midogo ya uloto, na nafasi hujaa mafuta. Mwaka 2009 watafiti waliripoti kuwa seli za mafuta huzuia damu kurudi. Mwaka 2017 wengine wakaona kwamba kwenye mifupa mirefu seli hizohizo hutoa kichocheo kinachoharakisha kupona, lakini kwenye pingili za mkia sivyo. Mfupa upi umepima ni swali la lazima, na wasomaji wa muhtasari hulisahau.

Kutoka kwa panya tufike kwa watu: Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Baada ya kudungwa, mgonjwa hupimwa damu kila siku, na kwa kawaida jibu huchukua wiki mbili hadi nne. Uloto huhesabiwa kuwa umeshika pale seli nyeupe aina ya neutrofili zinapofikia 500 kwa kila maikrolita kwa siku tatu mfululizo; tarehe inayoandikwa kwenye faili ni ile ya siku ya kwanza kati ya hizo tatu.