Samba Diallo na Upweke Wake: Kusoma Upya Safari ya Mwanafunzi katika riwaya ya Cheikh Hamidou Kane

1. Jibu lililozoeleka

Kila mwaka tunaposahihisha mitihani ya fasihi ya Kiafrika, tunakutana na sentensi moja ambayo imekwisha kuwa kama sala: shule ya Wazungu ndiyo iliyomwua Samba Diallo. Wanafunzi huiandika bila kusita, nasi walimu huipa alama nzuri, kwani ndivyo tulivyofundishwa sisi wenyewe. Makala haya yanakusudia kuihoji sentensi hiyo. Hatusemi kwamba ni ya uongo. Twasema kwamba imetuzuia kuona jambo jingine lililo wazi kitabuni, nalo ni hili: yule mwanafunzi aliyekwenda Paris hakuwa na mwenzake hata mmoja wa kuzungumza naye kwa lugha ya kwao.

Lililonisukuma kuandika si mitihani peke yake. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wetu mmoja alipata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Alikuja kuniaga, akaniambia kuwa alikuwa amekisoma kitabu hiki mara mbili, na kwamba funzo alilopata ni asifuatane na watu: atasoma, atachukua diploma, atarudi. Walikuwapo vijana wa Lubumbashi katika mji ule aliofikia, hakuwatafuta. Alirudi kabla ya mwaka wa pili kwisha, bila diploma. Alinieleza kwamba kulipita majuma mazima asitamke neno la Kiswahili, na kwamba usiku mmoja alijikuta akihesabu vijiko kwa sauti, ili asikie tu moja, mbili, tatu. Simlaumu Kane kwa habari hiyo. Lawama, ikiwa ipo, ni ya usomaji tuliomfundisha kijana yule.

2. Kisa kwa ufupi

L'Aventure ambiguë ilitolewa Paris mwaka 1961, na mwaka 1962 ikapata Tuzo Kuu ya Fasihi ya Afrika Nyeusi. Mwandishi ni Msenegali, naye mwenyewe alikuwa amesoma sheria na falsafa katika mji huo. Tunasimuliwa habari za Samba Diallo, mtoto wa ukoo bora wa Wadiallobé, anayelelewa katika chuo cha Kurani cha mwalimu Thierno. Mwalimu humpenda kuliko wanafunzi wote, na kwa sababu hiyo humwadhibu kuliko wote ulimi wake unapoteleza katika aya. Nchi imekwisha kushindwa na wageni. Ndipo Bibi Mkuu, dada yake mtawala, anawaita watu wote, wanawake nao wakiwamo, na kuwashauri wawapeleke watoto wao katika shule ya wageni, ingawa yeye mwenyewe haipendi, ili wakajifunze siri ya hao walioshinda bila ya kuwa na haki.

Samba Diallo anakwenda shule hiyo, kisha anakwenda Paris kusoma falsafa. Huko imani yake inalegea. Baba yake anamwandikia barua ya kumwita nyumbani. Anaporudi, Thierno amekwisha kufa, na aliyebaki kumfuata ni mtu mmoja aliyerukwa na akili baada ya kukaa Ulaya. Mtu huyo anamtaka asali. Mwishowe anamwua.

3. Ni nani waliomo Paris?

Tuifungue sasa sehemu ya pili ya kitabu, tuwahesabu watu ambao mwanafunzi huyu anazungumza nao. Kwanza ni Lucienne, msichana Mfaransa anayesoma naye, mfuasi wa ukomunisti. Lucienne anampeleka kwao, na huko anakutana na baba yake, Mchungaji Martial, aliyewahi kutamani kwenda Afrika kuhubiri. Kisha, katika barabara ya Saint-Michel, ambako Samba Diallo anaziona njia kuwa tupu ijapokuwa zimejaa vitu, anakutana na mzee mweusi, Pierre-Louis, mtu wa sheria. Mzee anamkaribisha nyumbani, na humo yumo mjukuu wake Adèle, aliyezaliwa kandokando ya mto Seine na ambaye hata hivyo anajiona yuko ugenini.

Hao ndio watu wake wa Paris. Wote ni wema kwake. Lakini angalia wanavyomtumia. Kwa akina Martial, chakula ni kisingizio cha kuuliza kwa nini Mwafrika achague falsafa. Kwa Lucienne, urafiki ni mjadala juu ya uhuru na Mungu. Kwa Pierre-Louis, jioni nzima ni mashauri juu ya nchi za Magharibi. Hata Adèle, aliye karibu naye kuliko wote, anamwendea kama mwanafunzi anavyomwendea mwalimu, akitaka kufundishwa njia ya kuufikia moyo wa ulimwengu. Hakuna anayemwazima sufuria. Hakuna anayemwuliza kama fedha zake za masomo zimefika, wala anayemcheka kwa jinsi alivyopotea njia siku ya kwanza. Kila mlango anaoufungua una kiti kimoja, nacho ni kiti cha mjadala.

Je, ndivyo Paris ilivyokuwa kwa Mwafrika wa miaka ile? Sivyo. Jarida la Présence Africaine lilikuwa limeanzishwa na Alioune Diop mwaka 1947. Shirikisho la wanafunzi wa Afrika Nyeusi katika Ufaransa, lililojulikana kwa herufi FEANF, liliundwa mwaka 1950, likawa na mikutano yake na gazeti lake. Mwezi wa Septemba 1956 waandishi na wasanii weusi walikutana Sorbonne. Mwanafunzi wa Kisenegali aliyekaa Paris nyakati hizo alikuwa na mahali pa kwenda Jumapili. Lau kama Kane angalikuwa anasimulia habari za Mkongo, tungaliuelewa upweke huo upesi: Thomas Kanza alipoingia Chuo Kikuu cha Louvain mwaka 1952, alikuwa Mkongo wa kwanza asiye padri kufanya hivyo. Lakini Samba Diallo hakuwa wa kwanza wala hakuwa peke yake. Upweke wake haukutoka katika historia. Umetoka katika kalamu ya mwandishi.

4. Swali la lugha

Hapa mwanaisimu ana neno la kusema. Katika maisha ya Samba Diallo zimo lugha tatu. Iko Kiarabu cha Kurani, ambacho mtoto anakitamka kwa uzuri bila ya kufahamu maana, na uzuri huo unamtosha. Iko Kifaransa cha shule, ambacho anakifahamu vema mno. Katikati iko Kipulaar, lugha ya mama, ya mashauri na ya mizaha. Wahakiki wengi wameandika juu ya mbili za kwanza. Ile ya tatu haitazamwi, kwa kuwa kitabuni imefichwa chini ya Kifaransa.

Ifuatilie basi. Katika sehemu ya kwanza, Kipulaar ndicho kinachobeba mambo yote mazito: hotuba ya Bibi Mkuu, wasiwasi wa mtawala, mazungumzo yake na Thierno. Katika sehemu ya Paris hakina mdomo wa kukisema. Samba Diallo anawasoma wanafalsafa wa Ulaya kwa Kifaransa, anawajadili kwa Kifaransa, na hapati hata mara moja nafasi ya kumwambia Mdiallobé mwenzake, kwa maneno ya kwao, kile alichokisoma asubuhi. Elimu yake haivuki mto. Inabaki ng'ambo ile ile alikoipata, naye anabaki huku na roho yake.

Kwa maoni yangu, hilo ndilo jeraha lenyewe. Mtu haimiliki elimu ya ugenini siku anapoifaulu katika mtihani. Huimiliki siku anapoisimulia kwa lugha yake, mbele ya mtu anayeweza kumkatiza na kumwambia: sijaelewa, rudia.

Ukitaka ushahidi, utazame ukurasa wa kifo. Samba Diallo amesimama na yule mtu mwenye kichaa, lakini moyoni anasema na Mungu: analalamika kwamba hatakubali kuachwa na kuumia peke yake. Wakati huohuo mwenzake anamtaka aahidi kusali kesho. Maneno ya kukataa yanamtoka Samba Diallo kwa sauti bila ya yeye kujua. Aliyaelekeza juu, yule mtu akayasikia kama jibu lake, akatoa silaha. Kwa hiyo anayekufa pale si mtu aliyekataa sala. Ni mtu aliyekuwa akisali kwa namna yake, na aliyesikiwa vibaya. Amezoea mno kujisemesha peke yake hata hatambui tena neno linapopita midomo. Kosa lililomwua ni kosa la mawasiliano, na mazoezi yake aliyapata Paris.

5. Pingamizi mbili

Msomaji makini atapinga. Kwanza atasema kwamba Kane hakudai kuandika riwaya ya maisha ya kila siku; aliandika kisa cha kifalsafa, na kisa cha namna hiyo hakidaiwi masufuria. Nakubali. Ufupi huo ndio unaokipa kitabu nguvu, na sitaki kiandikwe upya. Ninachokataa ni kukisoma kama taarifa. Mwandishi akiondoa marafiki ili mawazo yasikike vizuri, tusimame hapo tukumbuke kwamba ameondoa. Tusiende kumwambia kijana anayepanda ndege kwamba ndivyo ughaibuni ulivyo.

Pili atanitajia L'Écart ya V. Y. Mudimbe, iliyotoka mwaka 1979, wakati mwandishi alipokuwa bado ni mwalimu hapa Lubumbashi. Mhusika wake, Ahmed Nara, mtafiti wa historia ya Wakuba, ana Aminata anayempenda na ana marafiki wa kubishana nao, hata hivyo naye anakufa na kuacha madaftari yake. Pingamizi hili ni zito kuliko la kwanza. Linanilazimisha kusema wazi kwamba urafiki si dawa ya kila ugonjwa. Lakini tukumbuke kwamba tunachokisoma ni madaftari: Nara naye, anapofikia jambo linalomuumiza, huliandika kwa Kifaransa kwa ajili ya macho yake mwenyewe. Watu anao. Neno lake haliwafikii.

6. Kazi iliyobaki kwetu

Nilipokuwa Ubelgiji kwa miezi kumi ya mafunzo, siku za Jumapili tulikutana katika jiko la nyumba ya wanafunzi, sisi wa Katanga na wa Kivu. Mmoja alipita Matonge ya Bruxelles kuleta sombe. Bukari tulisonga kwa semule, kwa kukosa unga wa mahindi. Katika jiko lile kijana aliyesoma madini aliniuliza fonimu ni kitu gani. Nilianza kwa Kifaransa, akanikatiza. Nikamwambia aseme pata, kisha aseme bata; nini kimebadilika? Akacheka, akasema: kumbe ni hicho tu? Nilikuwa na lisansi ya isimu tayari, lakini nakiri kwamba siku ile ndipo nilipoijua fonimu. Naye alinieleza jinsi shaba inavyotenganishwa na mawe yake, jambo ambalo nimezaliwa karibu nalo bila kulifahamu.

Fasihi ya Kiswahili inaweza kulisimulia jambo hili vizuri. Adam Shafi amefungua njia katika Mbali na Nyumbani, iliyotoka mwaka 2013, ambamo kijana wa Unguja anaondoka kutafuta masomo Ulaya, akipita Afrika Mashariki, Sudan na Misri. Hapo safari ni safari ya watu, na msimulizi anaisimulia kwa lugha aliyotoka nayo nyumbani. Kwetu Kongo, wenye kusoma ng'ambo wameandika zaidi kwa Kifaransa. Yale ya jikoni tunayasimulia kwa mdomo, kwa Kiswahili, na yanapotea.

Kane mwenyewe hakuishia kwenye kaburi la Samba Diallo. Mwaka 1995, katika Les Gardiens du temple, aliwarudia Wadiallobé na kutupa msomi mwingine, Salif Bâ, mtaalamu wa kilimo, aliye hai na mwenye kazi ya kufanya kati ya watu wake. Ikiwa mtunzi aliona kwamba mwanafunzi aweza kurudi salama, kwa nini sisi tuendelee kufundisha msiba peke yake?

Basi, mwaka ujao nitabadilisha swali la mtihani. Sitauliza tena ni nini kilichomwua Samba Diallo. Nitauliza: huko Paris, angemweleza nani kwa Kipulaar yale aliyoyasoma? Na kwa mwanafunzi anayekuja kuniaga nitaongeza ombi moja dogo, kwamba akifika huko awatafute wenzake, na kila mwezi aniandikie ukurasa mmoja kwa Kiswahili juu ya jambo alilojifunza darasani. Kurasa hizo nitazihifadhi.