Ufundi wa Kusoma Mpindo wa Mmea

Mwaka 1926, huko Utrecht nchini Uholanzi, Frits Went alikata ncha za miche michanga ya oti na kuziweka juu ya vipande vya agari, aina ya jeli. Baadaye aliviweka vipande hivyo upande mmoja wa miche iliyokatwa vichwa. Alifanya kazi gizani akitumia taa nyekundu, kwa sababu mwanga wa kawaida ungeipinda miche kabla ya wakati. Miche ikapinda kuelekea upande usio na agari, naye akapima pembe. Dutu iliyotoka kwenye ncha na kuingia kwenye agari hakuiona. Aliipima kwa mpindo. Ndiyo homoni tunayoiita oksini, inayoamua sehemu ipi ya mmea irefuke.

Nawaheshimu sana wanaoendeleza leo jicho hilo la kusoma mpindo: wataalamu wa usugu wa magugu kwa dawa.

Miaka ya 1940 ilileta 2,4-D, dawa inayoiga oksini. Gugu la majani mapana likipuliziwa, hupata amri ya kukua isiyokoma: shina hujisokota, majani hukunjamana, mwishowe hufa. Ngano na mahindi huivumilia kwa kipimo sahihi. Dikamba hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo, gugu linalobaki wima baada ya dawa lina habari ya kusimulia.

Fundi mzuri haiamini habari hiyo haraka. Huenda dawa ilichanganywa vibaya, au gugu lilichipua baada ya shamba kupuliziwa. Hukusanya mbegu, akazipanda pamoja na mbegu za gugu lijulikanalo kuwa dhaifu, kisha akapulizia trei kwa vipimo vinavyopanda hatua kwa hatua, nyingine akiziacha bila dawa kabisa. Baada ya wiki tatu au nne hutazama mpindo wa kila mche, hukata, hukausha na kupima uzito. Hukuza pia kizazi kinachofuata aone kama usugu umerithiwa. Ni kazi isiyo na njia ya mkato, na uzuri wake umo humohumo.

Ufundi huo ulizaa matunda kwa kochia, gugu la nyanda kavu za Marekani ambalo likikauka hukatika shinani na kubingirishwa na upepo, likimwaga mbegu njia nzima. Kochia kutoka Nebraska lilikuwa halifi kwa dikamba. Mwaka 2018 watafiti walieleza sababu. Kwa kawaida oksini hufanya kazi kama gundi: huibana protini inayozuia ukuaji kwenye kipokezi chake, na protini hiyo huharibiwa. Katika kochia sugu, protini moja ya aina hiyo, IAA16, ilikuwa imebadilika asidi amino moja tu, glaisini ikawa asparajini, pale hasa inaposhikwa. Haikushikika vizuri tena, na amri ya dawa ikapotea njiani. Watafiti hawakuishia kwenye dhana. Waliihamishia jeni ya protini hiyo kwenye mmea mwingine, nao ukawa sugu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba gugu hilo limelegeza usikivu wake kwa homoni yake lenyewe. Likikua bila dawa, huwa dhaifu kuliko wenzake katika kugombea nafasi. Hilo ni jambo la manufaa kwa mkulima, na lisingejulikana kama watu wasingeyatazama pia magugu ambayo hayakupuliziwa.

Mkulima anaweza kuwa mwanafunzi wa ufundi huu. Siku chache baada ya kupulizia, pita shambani uyatazame magugu. Ukikuta lililosimama wima katikati ya yaliyojisokota, ling'oe kabla halijatoa mbegu, umwite bwana shamba ayaone mengine ya aina hiyo. Msimu unaofuata badilisha dawa, upate yenye utendaji tofauti, na usiliache jembe. Dawa moja ikirudiwa kila msimu huua magugu dhaifu na kuyaachia shamba yaliyo sugu.