Deni la Jeraha: Tawasifu ya Ron Kovic

Msomaji aliyelelewa katika tenzi za vita amezoea kumwona shujaa akifa au akirudi na ushindi, na utenzi ukaishia hapo. Tawasifu ya Ron Kovic, *Born on the Fourth of July*, iliyochapishwa mwaka 1976, inaanzia pale ambapo tenzi nyingi hufungia. Mwandishi alizaliwa tarehe 4 Julai 1946, siku ambayo Marekani huadhimisha uhuru wake. Alijiunga na askari wanamaji kwa hiari, na Januari 1968, huko Vietnam, risasi ikampoozesha kuanzia kifuani kwenda chini. Kitabu kinafunguka kwa jeraha hilo. Utoto wake tunaupata baadaye.

Uzito wa kazi hii umo katika kurasa za hospitali ya askari wastaafu mjini New York: panya, uchafu, wahudumu wachache, na pampu ya kusafishia mguu inayosimama hata mguu wenyewe ukawa hatarini kukatwa. Matibabu hayo hayakuwa bima ya kununuliwa kwa fedha. Yalikuwa ahadi ya dola kwa mtu aliyeipa mwili wake. Kwa hiyo malalamiko ya Kovic si ya jeraha tu. Ni ya deni lisilolipwa.

Masimulizi yanahama kutoka "mimi" kwenda "yeye", kisha yanarejea. Wapo watakaoliona hilo kuwa ni kuyumba kwa mtunzi. Lakini ndipo fani inapobeba maudhui: mgonjwa anayegeuzwa kuwa jalada huanza naye kujitazama kama mtu mwingine.

Filamu ya Oliver Stone ya mwaka 1989, iliyompatia tuzo ya Oscar ya uongozaji, iliyanyoosha masimulizi hayo kwa mfuatano wa miaka na kuyamalizia kwenye jukwaa la siasa la mwaka 1976. Kitabu hakitoi faraja hiyo. Sura yake ya mwisho inarudi kwenye risasi ileile.

Kasoro moja inabaki. Kovic anakiri, kwa ujasiri usio wa kawaida, kwamba kikosi chake kiliwapiga risasi watoto kijijini. Hata hivyo, watoto hao hawapewi majina wala sauti. Yeye alikuwa na mlango wa kubisha: mwaka 1974 aligoma kula katika ofisi ya Seneta Alan Cranston, Los Angeles, akidai haki ya majeruhi. Deni la watoto wale halikuandikwa katika daftari la yeyote.