Kibwagizo
Mtunzi wa mashairi ya arudhi ana mahali pamoja asipoweza kujificha, napo ni mshororo wa nne. Mishororo mitatu ya kwanza ya tarbia huja mara moja ikapita. Wa nne, ukiwa kibwagizo, hurudi mwishoni mwa kila ubeti, neno kwa neno, mizani 16 zile zile, 8 ukwapi na 8 utao. Kuanzia ubeti wa pili msikilizaji anaujua kabla haujafika. Utamwambia nini kipya?

Wapo wanaodhani kurudia huko ni kujipunguzia kazi. Mimi naona ndipo ufundi ulipo. Nitunge mmoja kwa mfano: "Nyumba niliyoijenga, leo nalala uani." Ubeti wa kwanza unamsimulia fundi mzee aliyepangisha vyumba vyote ili wajukuu wapate ada ya shule, akabaki na kibanda cha nyuma. Hapo nyumba ni nyumba, na ua ni ua. Wa pili unamleta mama ambaye wanawe wanapanga harusi bila kumwuliza neno. Matofali yametoweka. Wa tatu ni mpigania uhuru anayetazama gwaride akiwa nje ya uzio. Hakuna silabi iliyoguswa, na nyumba imekwisha kuwa nchi. Kazi imefanywa na mishororo iliyotangulia: yenyewe hubadilika ili ule usiobadilika useme jipya.

Ndiyo maana mtunzi makini hukitafuta kibwagizo kwanza, akakipima kama kitastahimili beti zote. Chenye maana finyu huchoka mapema. Chenye maana pana mno hakimgusi mtu. Kaluta Amri Abedi alituandikia sheria za kutunga mashairi, zikachapishwa mwaka 1954, na vina na mizani hufundishika. Lakini sikio la kutambua mshororo utakaovumilia kurudiwa halipatikani kwa kanuni.

Utenzi hurudisha kidogo zaidi, kina cha mwisho tu, kama alivyofanya Mwana Kupona mwaka 1858 katika wasia wake kwa bintiye. Nao ni ufundi, ila wa pumzi ndefu.

Kwenye taarab kazi ya kibwagizo huonekana kwa macho. Kiitikio kinaimbwa mara ya kwanza, kinaimbwa ya pili, watu wameketi. Mara ya tatu mama mmoja anainuka, noti mkononi, anakwenda kumtuza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua maneno yale anampelekea nani.